Koito: Jinsi Uchumba Unavyofungwa Katika Nchi ya Majani Chai

Katika nchi ya majani chai inayoanzia kwenye miteremko ya magharibi ya msitu wa Mau na kushuka kupitia Kericho, Litein na Kapkatet hadi Bomet, uchumba haujawahi kuwa jambo la watu wawili peke yao, wala hauhesabiwi kuwa umefungwa siku ambayo mwanamume amemvisha mwanamke pete. Wakipsigis, ambao ndio wenyeji wa kaunti za Kericho na Bomet na ambao ni miongoni mwa jamii kubwa zaidi za Wakalenjin, huuhesabu uchumba kuanzia siku ya koito, yaani kikao rasmi ambacho wazee wa upande wa mvulana hufunga safari hadi nyumbani kwa msichana ili koo mbili zitambuane, zipatane kuhusu mahari na kupeana neno. Kabla ya koito wapendanao ni watu wanaojuana tu, hata kama wamejuana kwa miaka mitano na kila jirani anafahamu habari zao. Baada ya koito, nyumba mbili huwa zimekuwa wakwe, na ukwe huo una haki na wajibu ambao hauishi hata mmoja wa wachumba anapobadili nia.

Mwenye kutazama kwa juu juu anaweza kudhani kwamba desturi hii imebaki kama ilivyokuwa enzi za mababu, na kwamba mashamba ya chai yanayoizunguka ni mandhari tu ya picha. Ukweli ni kwamba chai ndiyo iliyoamua, kwa muda wa karne nzima, vijana wakutane wapi, wapate wapi mali ya kuoa na wasubiri muda gani kabla ya kuoana, ilhali koito imeendelea kulinda swali ambalo pete haiwezi kuliuliza, nalo ni kwamba wewe ni wa nani. Uchumba wa nchi hii umejengwa juu ya maswali mawili, moja likielekezwa kwa wapendanao wenyewe ili kujua kama wanapendana, na la pili likielekezwa kwa nyumba zao ili kujua wao ni nani. Na tatizo kubwa la siku hizi, ambalo makala haya yatalirudia, ni swali la tatu linalouliza familia ina mali kiasi gani na ambalo mara nyingine huyameza yale mawili.

Ili kuelewa jinsi watu walivyopendana hapo awali ni lazima kwanza kufahamu ni nani aliyeruhusiwa kupendwa. Kila Mkipsigis huzaliwa katika oret, yaani ukoo unaofuata upande wa baba, na kila ukoo una tiondo, ambayo ni alama yake ya asili, iwe ni mnyama kama simba, mdudu kama nyuki, au hata kitu cha angani kama jua. Watu wenye asili moja huhesabiwa kuwa ndugu, hata kama mmoja anaishi Belgut na mwingine Sotik na hawajawahi kuonana, na kuna koo nyingine ambazo, kwa sababu ya historia yao, zimekatazana kuoana. Juu ya kizuizi hicho kuna kingine cha ibinda, yaani rika, kwa kuwa wanaume wa Kipsigis hugawanywa katika marika yanayopokezana kwa mzunguko mrefu wa vizazi, miongoni mwake yakiwa Maina, Chumo, Sawe, Korongoro, Kaplelach, Kipkoimet na Nyongi, na mwanamume haruhusiwi kumwoa binti wa mwanamume wa rika lake mwenyewe, kwa sababu binti huyo anamhusu kama mtoto wake wa kumzaa. Sheria hii ya marika ilikuwa na manufaa ambayo hayasemwi sana, kwani iliwazuia wazee waliokuwa na ng'ombe wengi kuwageukia mabinti wa wenzao na kuwaacha vijana bila wake.

Ndani ya mipaka hiyo palikuwa na nafasi ya mapenzi, ingawa haikuwa lazima mapenzi hayo yaishie katika ndoa. Mwanaanthropolojia J. G. Peristiany, aliyefanya utafiti miongoni mwa Wakipsigis katika miaka ya 1930 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1939, alieleza habari za nyumba za vijana waliokwisha kutahiriwa, ambazo kwa Wakipsigis na majirani zao Wanandi zilijulikana kama sigiroinet, ambako wasichana walikuwa wakienda kuwatembelea wazee wakiwa na habari na chini ya masharti yaliyofahamika. Urafiki wa huko uliweza kuwa wa dhati na wa muda mrefu, lakini baba wa msichana ndiye aliyekuwa na neno kuhusu nani atamwoa, na si mara chache msichana aliaga urafiki mmoja ili kuanza maisha na mtu mwingine kabisa. Wanaoyasifu mambo ya zamani bila kuchagua wanapaswa kulikumbuka jambo hili, kwa sababu utaratibu uliomlinda msichana dhidi ya kuolewa na ndugu yake haukumlinda daima dhidi ya kuolewa na mtu asiyemtaka. Wako waliojitafutia njia wenyewe kwa kutoroka na wapenzi wao, na wazee, walipoona kwamba maji yamekwisha kumwagika, walilazimika kuketi na kuizungumzia mahari baada ya tukio badala ya kabla yake.

Chai iliingia katika maisha haya kwa njia ya machungu. Serikali ya kikoloni ilikuwa imekwisha kuwanyang'anya Wakipsigis sehemu kubwa ya ardhi yao ya nyanda za juu, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia sehemu ya ardhi hiyo karibu na Kericho ilitengwa kwa ajili ya maofisa wa Kiingereza waliojeruhiwa vitani, ambao walijaribu kulima kitani, yaani mmea unaotoa nyuzi za kufumia nguo, lakini bei ikaanguka na mradi ukafa. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni ya Brooke Bond na ile ya James Finlay zilianza kupanda chai kwa wingi katika eneo hilo, zikivutiwa na mvua inayonyesha karibu kila alasiri, udongo wenye asidi na mwinuko wa takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wafanyakazi wengi wa mwanzo walitoka Kisii, Nyanza na magharibi mwa Kenya, nao wakajengewa vijiji vya nyumba za safu ndani ya mashamba, vijiji ambavyo mpaka leo huitwa kambi na ambavyo vina shule, zahanati na viwanja vya mpira. Kwa hiyo, ndani ya nchi moja palizuka ulimwengu wa namna mbili: nje ya ua wa kampuni waliishi watu waliojua kila mtu ni wa ukoo gani, na ndani ya ua huo waliishi majirani ambao hawakuwa na ukoo wa pamoja, rika la pamoja wala lugha ya mama ya pamoja, wakaunganishwa na Kiswahili na kengele ya kazi.

Mpaka mwingine ulikuwa kati ya walowezi na wenyeji, na mmoja wa Wazungu walioishi Kericho tangu miaka ya mwanzo ya ukoloni, Ian Orchardson, mwana wa mchoraji wa Kiskoti William Quiller Orchardson, alivuka mstari ambao wenzake waliuogopa, kwa kuwa alijifunza Kikipsigis, akaishi miongoni mwa wenyeji na kuoa mwanamke wa Kikipsigis katika zama ambazo jamii ya walowezi iliiona ndoa ya aina hiyo kuwa fedheha. Maandishi yake kuhusu mila za jamii hiyo yalikuja kutolewa kama kitabu mwaka 1961, yeye akiwa amekwisha kufariki dunia, na thamani yake inatokana kwa kiasi kikubwa na kwamba aliyeyaandika alikuwa mkwe wa watu aliokuwa akiwaeleza.

Mabadiliko makubwa zaidi hayakuletwa na mashamba ya kampuni bali na vishamba vya wakulima wadogo. Baada ya mpango wa kilimo wa Swynnerton wa mwaka 1954, Waafrika, ambao hapo awali walikuwa wamezuiwa, waliruhusiwa kupanda chai, na mwaka 1964 likaundwa shirika la KTDA lililokusanya majani ya wakulima hao, kuyasindika katika viwanda na kuyauza. Kuanzia hapo maeneo ya Bureti, Konoin, Belgut na Bomet ya Kati yalipata vituo vya kununulia majani, ambavyo ni vibanda vyenye paa la mabati na mizani, ambako wachumaji hufika na vikapu vyao wakiwa wamechuma majani mawili na kichipukizi, wakapanga foleni, wakasubiri lori la kiwanda na wakazungumza. Msichana aliyetumwa na mama yake kupeleka majani na kijana aliyetumwa na baba yake walijikuta wamesimama pamoja kwa saa moja au mbili, si kwa siri na si kwa sherehe, bali kwa kazi halali ambayo hakuna mzazi angeweza kuikataza. Na kwa kuwa mchai huchumwa tena baada ya wiki moja au mbili, walikuwa na hakika ya kuonana tena.

Sehemu nyingine za kukutana zilitokana na misheni na shule. Kanisa la Africa Gospel lililokita mizizi Tenwek, kanisa la Africa Inland lenye kituo chake kikongwe Litein, na Kanisa Katoliki, ambalo jimbo lake la Kericho liliundwa mwaka 1995, yaliwakusanya vijana katika kwaya, semina na mikutano ya likizo, mahali ambapo mvulana alimsikia msichana akiimba kabla hajajua ukoo wake. Shule za bweni na baadaye vyuo, kikiwemo Chuo Kikuu cha Kabianga kilichopata hati yake mwaka 2013, viliwakutanisha watu wa mbali zaidi, na simu ya mkononi ikaondoa hata ulazima wa kukutana. Katika mabadiliko yote haya jambo la kutazamwa ni mpangilio, kwa maana zamani ukoo ulitangulia na mapenzi yakafuata, kama yalifuata, lakini sasa mapenzi hutangulia na ukoo hugunduliwa baadaye, mara nyingine kwa uchungu mkubwa wakati wapenzi wanapofahamishwa kwamba tiondo yao ni moja. Vijana wengi wa siku hizi wamejifunza kuulizana habari za koo mapema, katika mazungumzo ya mwanzo kabisa, na si haki kuwacheka kwa hilo, kwani wanajaribu kuuepusha moyo na jeraha ambalo akili inaweza kuliona likija.

Wapendanao wakishaamua kwamba wanataka kuoana, habari haipelekwi moja kwa moja kwa baba. Msichana humweleza mama yake au senge, yaani shangazi, dada wa baba, ambaye kwa desturi ana uhuru wa kuzungumza na mpwa wake mambo ambayo mzazi angeyaonea haya, na mvulana naye hupitia kwa mjomba, kaka mkubwa au rafiki wa baba yake. Watu hawa wa kati hufanya uchunguzi wa kimya, wakiuliza kuhusu ukoo, tabia za nyumba husika, magonjwa, madeni na ugomvi wa zamani, na iwapo hawakuona kizuizi, wazee wachache wa upande wa mvulana huenda kwa mara ya kwanza nyumbani kwa msichana kujitambulisha tu, bila kutaja ng'ombe. Kukataliwa katika hatua hii hakumvunjii mtu heshima, kwa sababu hakuna lililotangazwa. Na hapo ndipo busara ya mpangilio mzima inapoonekana, kwamba unawapa watu nafasi ya kusema hapana kabla neno hapana halijawa tusi.

Koito yenyewe hupangwa zaidi katika miezi ya likizo, hasa Agosti na Desemba, wakati watoto wa nyumbani wanaofanya kazi Nairobi, Nakuru au ng'ambo wamerudi. Kwa familia zinazouza majani kupitia KTDA, tarehe ya Desemba ina sababu ya ziada, kwa kuwa malipo ya pili ya mwaka, ambayo wakulima huyaita bonasi, huingia karibu na Oktoba, na mzee aliyekuwa akimwambia mwanawe asubiri huweza sasa kuanza kutafuta ng'ombe. Mwaka ambao bonasi imekuwa nono husikika katika miadi ya harusi, na mwaka ambao bei imeanguka kwenye mnada wa Mombasa huwarudisha wachumba wengi kwenye subira. Kwa njia hiyo mabroka na wanunuzi wasiowahi kufika Konoin wana mkono katika kuamua ni lini mtu wa Konoin ataoa.

Siku ikifika, wageni huwasili asubuhi wakiwa wamevaa vizuri, wazee mbele, wanawake wa ukoo nyuma yao, na mvulana na wenzake wakijiweka kando, maana yeye si msemaji wa siku hiyo na kwa desturi hana nafasi katika mazungumzo ya mali. Wenyeji huwapokea kwa utulivu ambao mgeni asiyezoea anaweza kuuona kuwa ubaridi, na huenda wakawaacha wangoje kidogo kabla ya kuwakaribisha ndani. Zamani katika mkutano kama huu wazee walikuwa wakinywa pombe ya wimbi kutoka katika chungu kimoja kwa mirija mirefu, lakini makanisa yaliipiga vita pombe hiyo kwa vizazi viwili, na leo katika nyumba nyingi nafasi yake imechukuliwa na chai ya maziwa, zao lile lile lililochukua ardhi na kurudisha fedha, pamoja na mursik, yaani maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu kiitwacho sotet ambacho ndani yake husuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet ili maziwa yapate harufu, rangi ya kijivujivu na uwezo wa kukaa siku nyingi bila kuharibika. Kibuyu cha mursik ya siku hiyo hutayarishwa mapema, na mama wa msichana hatakubali kipite mbele ya wakwe kikiwa na kasoro yoyote.

Mazungumzo huanza kwa sala, na kisha kwa utambulisho, na utambulisho huu ndio sehemu ndefu na ya maana kuliko zote. Kila upande hueleza ukoo wake, tiondo yake, mahali ulikotoka kabla ya kuhamia ulipo, rika la baba na rika la babu, na koo ambazo umewahi kuoana nazo, hivi kwamba hata mtoto anayesikiliza kwa mbali hujifunza historia ya nyumba yake kwa namna ambayo shule haimfundishi. Wazee wakigundua uhusiano wa damu, hata wa mbali, kikao husimama na watu hutoka nje kushauriana. Kisipoonekana kizuizi, msichana huitwa mbele ya wote na kuulizwa kama anawafahamu wageni hawa, kama ndiye aliyewaalika, na kama wenyeji waendelee kuzungumza nao. Dakika hizi chache ndizo moyo wa koito ya kisasa, na ingefaa kila familia izitendee kwa uzito zinaostahili, maana pako mahali ambapo swali huulizwa haraka kama desturi ya kupita tu, huku jibu likiwa limekwisha kudhaniwa, wakati ambapo msichana anapaswa kupewa muda, utulivu na hakika kwamba jibu lolote atakalolitoa litaheshimiwa.

Baada ya ridhaa ya msichana ndipo ng'ombe hutajwa. Mwanaanthropolojia Monique Borgerhoff Mulder, aliyefanya utafiti kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1980 katika eneo la Abosi, karibu na mpaka wa Wakipsigis na Wamaasai, alikusanya habari za mahari ya ndoa nyingi za vizazi vilivyotangulia na za wakati huo, akaona kwamba mahari ya kawaida ya miaka hiyo ilikaribia ng'ombe sita, mbuzi na kondoo sita, na fedha taslimu kidogo, na kwamba tofauti na jamii nyingine za Kenya ambako mahari hulipwa kwa awamu za maisha yote, Wakipsigis walipendelea kuimaliza wakati wa ndoa. Aligundua pia kwamba msichana aliyeolewa mbali na kwao aliombewa mahari kubwa zaidi, jambo linaloeleweka mtu akikumbuka kwamba mama yake anapoteza msaada wa mikono aliyoizoea, na kwamba baba wa mvulana ndiye aliyetoa mifugo ya mke wa kwanza wa mwanawe. Kwa kawaida mifugo hiyo ilitoka katika mahari iliyopokelewa kwa dada wa mvulana wa tumbo moja, hivyo kwamba ndoa ya dada ilifungua njia ya ndoa ya kaka, na nyingine ilikusanywa kutoka kwa marafiki waliokuwa wamewekeana ng'ombe kwa utaratibu uitwao kimanagan, yaani desturi ya mtu kumkabidhi rafiki yake ng'ombe amtunze na kunywa maziwa yake, ili ukame au maradhi yasimalize mali yote kwa siku moja. Mahari, kwa maana hiyo, ilikuwa mkusanyiko wa urafiki wa baba wa miaka mingi.

Chai imeubadilisha mkusanyiko huo kwa namna mbili zinazovutana. Kwa upande mmoja imepunguza malisho, kwa kuwa shamba la ekari mbili likishapandwa michai halina nafasi ya kundi la ng'ombe, na familia nyingi hubaki na ng'ombe wawili au watatu wa maziwa; kwa upande mwingine imeleta fedha, na fedha zimeingia katika koito kama kipimo cha ng'ombe, ambapo wazee hukubaliana bei ya kila mmoja na malipo kutumwa kwa simu. Hakuna ubaya katika kubadili umbo la zawadi, kwa sababu ng'ombe pia walikuwa mali ya kuhesabika. Ubaya huingia pale ambapo vyeti vya msichana hutajwa mezani kana kwamba ni ankara ya karo inayodaiwa kwa wakwe, na pale ambapo familia inayojiweza hupandisha kiwango ili majirani waseme, ikawafungia mlango wavulana wenye tabia njema wasio na mali. Matokeo ya ushindani huo yanajulikana katika kila kijiji, nayo ni wapenzi wanaoamua kuishi pamoja kwa mtindo wa njoo tukae, wakazaa watoto na kuishi miaka kumi bila wazee wa pande mbili kuwahi kuketi pamoja. Wazee wenye hekima wameliona hilo, na katika koito nyingi utamsikia msemaji akikumbusha kwamba binti hauzwi na kwamba kinachotafutwa ni ujamaa. Maneno hayo yana uzito yanapofuatwa na kiwango ambacho mvulana anaweza kukimudu.

Makubaliano yakifikiwa, wazee hupakana mafuta au siagi kichwani na kubariki, mursik hunywewa, na wanawake ambao wamekuwa jikoni au nje wakisikiliza kwa makini hupokea habari kwa vigelegele na nyimbo. Katika mila ya zamani kilichofuata, baada ya muda, ni ratet, yaani kufungana, sherehe ambayo bwana na bibi arusi hufungana katika kifundo cha mkono majani ya nyasi ngumu iitwayo segutiet mbele ya mashahidi. Siku hizi sehemu kubwa ya watu huelekea kanisani, na wapo wanaochanganya mambo kwa ustadi, wakavishana pete mwishoni mwa koito na siku ya harusi wakavishwa mashada ya sinendet, mmea utambaao ambao Wakalenjin huwavisha pia wanariadha wanaporudi na ushindi.

Hata hivyo, swali la wewe ni wa nani lina upande wake mkali, na nchi hii ililiona waziwazi katika maisha ya Joyce Laboso. Alizaliwa katika familia ya Kikipsigis ya Bomet mwaka 1960, akawa mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Egerton, na aliolewa na Edwin Abonyo, ambaye ni Mjaluo. Alipoingia katika siasa mwaka 2008, kugombea kiti cha ubunge cha Sotik kilichoachwa wazi na kifo cha dada yake Lorna katika ajali ya ndege, na tena alipogombea ugavana mwaka 2017, wapinzani waliifanya ndoa hiyo kuwa hoja, wakidai kwamba mwanamke aliyeolewa nje aende akaombe kura kwa watu wa mume wake. Wapiga kura wa Bomet waliwajibu kwa sanduku la kura, wakamfanya mmoja wa wanawake watatu wa kwanza kuchaguliwa kuwa magavana nchini Kenya, na hata alipofariki dunia Julai 2019 na kuzikwa Fort Ternan, nyumbani kwa mume wake, Bomet ilimlilia kama binti yake. Kisa hicho kinastahili kukumbukwa na kila mzee anayesita kufungua mlango kwa wakwe wa Kisii, Kijaluo au Kikikuyu, kwa sababu koito, ikitumiwa kwa nia yake ya asili, ni chombo cha kuwafanya wageni kuwa jamaa, na kambi za chai zimejaa watoto wa ndoa za aina hiyo ambao huzungumza lugha mbili za nyumbani bila kuona shida.

Sheria nayo imeingia katika kikao. Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inaitambua ndoa ya kimila sawasawa na ya Kikristo, ya Kiislamu, ya Kihindu na ya kiserikali, inataka kila mmoja wa wachumba awe ametimiza miaka 18 na awe ameridhia kwa hiari yake, na inasema kwamba pale mila inapodai mahari, kiasi kidogo cha ishara kinatosha kuthibitisha ndoa. Sheria ya mwaka 2011 inayopiga marufuku ukeketaji imeuvunja pia mlango ambao zamani kila msichana wa Kikipsigis alilazimika kuupitia ili ahesabiwe kuwa anafaa kuchumbiwa, na ni jambo la kushukuru kwamba wazazi wengi, na wavulana wengi zaidi, hawaulizi tena habari hiyo. Mahali ambapo bado inaulizwa kwa kunong'ona, koito haipaswi kuendelea.

Tangu Agosti 2017 ndoa za kimila zinaweza kusajiliwa na kupewa cheti, na sheria inawataka wenye ndoa kumjulisha msajili ndani ya miezi mitatu baada ya taratibu za kimila kukamilika. Wengi hawafanyi hivyo, kwa kuwa wanaona kwamba neno la wazee linatosha, na kwa hakika hutosha hadi siku ambayo mume anafariki na shamba la chai, pamoja na nambari ya mkulima ambayo bonasi hulipwa kwa jina lake, linapoanza kugombewa na ndugu. Hapo mjane asiye na cheti hulazimika kuwatafuta wale wazee waliokaa kwenye koito yake ili waende kueleza mahakamani walichokubaliana, baadhi yao wakiwa wamezeeka na wengine wamekwisha kuzikwa. Kwa sababu hiyo familia nyingi sasa humteua katibu siku ya koito, ambaye huandika majina ya waliohudhuria, koo zao, idadi ya ng'ombe na tarehe, na msemaji wa kila upande akatia sahihi yake, kisha kila nyumba ikapewa nakala ya kuhifadhi.